Nyumba Yangu, Jina la Melkiadi

Uvumi niliusikia kwenye mashine ya kusaga, Kibondo, nikiwa kwenye foleni na debe langu la makopa ya mihogo.

Mwanamke mmoja mbele yangu, ambaye jina lake silijui mpaka leo, alimwambia mwenzake: "Umesikia? Wanapita kuandika nyumba za wenye majina ya Kirundi. Wakishaziandika wanazichukua, wenyewe wanarudishwa."

"Hata wenye uraia?"

"Uraia wa karatasi, dada. Karatasi huloa."

Nilisaga, nikalipa, nikajitwika debe nikaondoka. Lakini yale maneno sikuyaacha pale mashineni. Nikisonga ugali yapo. Nikiwaogesha watoto yapo. Kanisani padri anahubiri habari za mpanzi, mimi nasikia karatasi huloa, karatasi huloa.

Uvumi ule ulikuwa uongo. Nasema mapema ili usisome huku unatetemeka kama nilivyotetemeka mimi. Hakuna aliyepita kuandika nyumba ya mtu. Lakini mimi niliuamini, na kwa kuuamini nikafanya nilichofanya.

Kwa mliokosa gazeti wiki zilizopita: mimi ni Mama Niyonkuru. Wazazi wangu walikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Mimi nilizaliwa huku huku Busunzu, nikasoma mpaka darasa la saba, nikala kiapo cha uraia nikiwa na mimba ya Niyonkuru, mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu Ndayikunda alisema anakwenda Makamba, Burundi, mara moja kuona shamba la baba yake. Akaliona, akakaa, akaoa. Halafu upepo ukang'oa bati za nyumba yetu, zikatua kwenye mihogo ya jirani, na jirani akadai mihogo yake kabla mimi sijadai bati zangu.

Nikauza kiwanja cha nyumba ile. Nikaongeza akiba yote ya biashara ya unga. Nikaapa watoto wangu hawatalala tena chini ya bati lililoshikiliwa na mawe. Na kwa kuwa Niyonkuru alipangiwa sekondari Kasulu, nyumba nikaitafuta Kasulu.

Nikaipata. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita.

Ilikuwa ya Mzee Tamimu, mwenye duka la vitambaa, na mkewe Bi Asmahani. Watoto wao wako Tanga, na wazee waliamua kurudi huko. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, jiko la nje, mparachichi uani.

Bi Asmahani ndiye aliyenionyesha. Alinipeleka chooni kwanza.

"Funga mlango, mwanangu. Funga tu."

Nikafunga. Komeo likaingia.

"Umesikia hiyo sauti?" akaniuliza kutoka nje. "Nimekaa nyumba nyingi, tangu pwani mpaka huku kwenu kwenye milima. Hiki ndicho choo changu cha kwanza kufungwa kwa ndani. Mwanamke anayefunga choo chake mwenyewe hasumbuliwi na mtu."

Nikacheka. Nikajua nimefika kwangu.

Sasa Melkiadi.

Melkiadi ni baba wa ubatizo wa mtoto wangu wa pili. Ni Muha wa Kitahana, mzawa, ukoo wake wote uko huko. Tulikuwa jumuiya moja ya kanisa Kibondo kabla hajahamia Kasulu kununua maharage. Anaongoza kwaya, ana sauti ya kumliza mtu. Kasulu amepanga, yeye na mkewe Mama Pasikali.

Nilimweleza habari za nyumba. Akauliza: "Dada, utaandikisha kwa jina gani?"

"Langu."

"Pelagia Niyomwungere?" Akacheka kidogo, kwa huruma. "Mbele ya mwenyekiti wa mtaa, majirani wamekaa, wewe usimame useme Niyomwungere?"

Nikayasikia tena. Karatasi huloa, karatasi huloa.

"Tumia langu," akasema. "Mimi hakuna wa kuniuliza babu yangu alitokea wapi. Haya maneno yakipoa tunarudi kwa mwenyekiti, tunabadilisha. Ni kazi ya asubuhi moja. Mimi si baba wa mtoto wako kanisani?"

Nikakubali.

Usinicheke. Wengi wetu tunafanya hivi. Pita kwenye mashamba uulize: hili la nani? La fulani. Nani analilima? Fulani mwingine. Nani anakula mavuno? Huyo huyo mwingine. Tunaita kuazima jina. Tunaazimana jina kama watu wanavyoazimana sufuria ya msiba, na sufuria mara nyingi hurudi. Ndiyo maana tunaendelea kuazima.

Asubuhi ya siku ya kufunga mauziano nilikwenda kwa Melkiadi na pesa, nimezifunga kwenye kitenge changu chenye picha za samaki. Mama Pasikali alikuwa anamimina chai.

"Nipe nishike mimi," akasema Melkiadi.

"Kwa nini nisitoe mwenyewe?"

"Dada, anayetoa pesa ndiye mnunuzi. Ukitoa wewe, jina langu lina kazi gani?"

Nikaona ana akili. Nikampa. Akasema tuombe kwanza. Tukaomba.

Pale nyumbani tulimkuta mwenyekiti wa mtaa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha Mzee Tamimu, muhuri mapajani. Na jirani wa mpaka wa juu, mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la suti na kandambili.

Kama hujawahi kununua nyumba, kitu cha kwanza ni mipaka. Watu wote wanatembea kuizunguka, muuzaji anaonyesha, jirani anakubali au anakataa, mwenyekiti anasikiliza. Yule mzee alitembea karibu na mimi. Tulipofika kwenye miti ya minyaa akanisogelea.

"Bwakeye, mama," akanisalimia. Habari za asubuhi, kwa Kirundi chetu.

Amejuaje? Usoni? Mwendo?

"Shikamoo mzee," nikamjibu, kwa Kiswahili cha redioni.

Akanitazama. Akaendelea kutembea.

Tukarudi uani, tukakaa. Mwenyekiti akakohoa.

"Muuzaji nani?"

"Mimi, Tamimu."

"Mnunuzi?"

"Mimi, Melkiadi."

"Na huyu mama?"

Tulikuwa tumekubaliana atasema dada yangu. Tulikuwa tumelizungumza hilo njia nzima.

"Huyu ni mama wa kazi," akasema Melkiadi. "Atatufagilia."

Bi Asmahani, aliyekuwa mlangoni na sinia la kahawa, akageuza shingo akanitazama. Mimi nikatazama kandambili za yule mzee. Nikajiambia ni kuigiza tu, Pelagia. Anaigiza vizuri. Meza.

Nikameza.

Melkiadi akatoa kitenge changu. Pesa zikahesabiwa na Mzee Tamimu, kisha Bi Asmahani akazihesabu tena kwa kuwa mumewe, alisema, huhesabu kama anayeswali, akipotea anaanza upya. Zikatosha. Melkiadi akasaini. Mzee Tamimu akasaini. Mzee wa kandambili akasaini kuwa mipaka ni sawa.

"Bado Bi Asmahani," akasema mwenyekiti. "Nyumba ya ndoa haiuzwi na mtu mmoja. Mama, unakubali nyumba iuzwe?"

"Nakubali. Ngoja nikachukue miwani."

Akaingia ndani. Akatoka bila miwani.

"Kuna mwanamke chumbani kwangu," akasema, "anapima madirisha."

"Mwanamke gani?" Mzee Tamimu akauliza.

"Mimi najua? Nimemkuta juu ya kitanda changu, kavua viatu, ana kanga, anapima. Ameniambia samahani mama, nitapita na sebuleni."

Mama Pasikali akatokea nyuma yake, kanga mkononi, ana haya kidogo. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma wakati sisi tunatembea mipaka.

"Nani kakutuma, mwanangu?" Bi Asmahani akamuuliza.

"Mume wangu. Kasema nipime ya mapazia kabisa. Si tunahamia Jumamosi?"

Tunahamia.

Nilimtazama Melkiadi. Alikuwa anatazama mparachichi kana kwamba anasubiri parachichi lianguke.

"Oya," nikasema.

Yaani hapana. Sikupanga kulisema kwa Kirundi. Lilitoka lenyewe, kwa nguvu, mbele ya watu wote niliokuwa najificha kwao.

"Oya! Mwenyekiti, nyumba ni yangu. Pesa ni zangu. Huyu nimemwazima jina tu."

"Mama wa kazi amechanganyikiwa," akasema Melkiadi.

"Mama wa kazi gani? Kazi gani umewahi kunipa wewe? Mtoto wangu umemshika kichwani kanisani, leo unaniita mama wa kazi!"

"Jamani." Melkiadi akasimama, akatandaza mikono kama anaongoza kwaya. "Huyu ni mkimbizi. Nimemsaidia kwa huruma. Mkimbizi atatoa wapi pesa ya nyumba? Na mwenyekiti unajua sheria, mkimbizi hanunui ardhi."

Neno lile nililiogopa maisha yangu yote. Nilidhani siku likitajwa mbele ya watu nitaanguka. Sikuanguka. Nilisikia miguu yangu imekaa vizuri chini kuliko siku zote.

"Mimi si mkimbizi. Mimi ni raia. Naitwa Pelagia Niyomwungere. Nimezaliwa Busunzu, nimesoma Busunzu, nimechapwa viboko na mwalimu wa Busunzu kwa kutojua wimbo wa taifa, nikaujua. Cheti cha uraia ninacho. Kitambulisho ninacho. Unataka niuimbe?"

Yule mzee wa kandambili akaanza kucheka, mabega yanatikisika.

"Ee! Na mimi nimekusalimia kwa lugha ya mama yako, ukanipa shikamoo kama binti wa Tanga!"

"Mzee, niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi naitwa Nsengimana. Unaiona ile ya bati jekundu? Yangu. Kwa jina hilo hilo, Nsengimana. Na muhuri amepiga huyu huyu."

"Nilipiga," mwenyekiti akasema. Akanigeukia. "Mama, nimeuliza mnunuzi nani, ulikuwa umekaa hapo. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe."

"Mimi?" Akajigusa kifua. Akatazama watu wote. "Mimi naogopwa? Kwangu hata kuku wanalala kwenye kiti changu!"

Watu wakacheka. Hata mimi, na machozi. Nikadhani yameisha.

Bi Asmahani akaweka sinia chini. "Mimi sisaini. Aliyekuja kuangalia nyumba yangu ni huyu mama. Aliyepatana bei na mimi mpaka nikasikia kiu ni huyu mama. Huyu baba nimemwona leo. Sisaini."

"Asmahani!" Mzee Tamimu akaruka. "Tiketi tumeshakata! Jumatano tunasafiri!"

"Safiri. Ukifika wasalimie."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini Melkiadi hakukasirika. Alikaa chini taratibu, akakunja mguu juu ya mguu.

"Sawa kabisa," akasema. "Mama asiposaini, hakuna mauziano. Sina ugomvi. Nirudishiwe pesa yangu."

Akamnyooshea mkono Mzee Tamimu.

"Mwenyekiti, pesa imetoka mkononi mwa nani? Mmeona wote. Mzee Nsengimana, uliona pesa ikitoka kwa nani?"

Mzee Nsengimana akaacha kucheka.

"Sema tu, mzee wangu. Si uko hapa kama shahidi?"

"Kwako," akasema mzee, kwa shida.

Ndiyo hiyo. Bi Asmahani akisaini, nyumba ni ya Melkiadi. Asiposaini, pesa ni ya Melkiadi. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemfungia kwenye kitenge.

Mwenyekiti akakuna kichwa kwa muda mrefu. Kisha akaamua. Pesa ibaki kwa Mzee Tamimu, isiguswe. Mkataba ubaki kwake yeye mwenyekiti, bila muhuri. Jumatatu twende kwenye baraza la kata tukasuluhishwe. Kila mmoja alete mtu aliyeona pesa ikiwa yake.

"Na leo kila mtu aende kwake," akamalizia.

Kwangu wapi? Chumba nilichopanga Kibondo nimeshakiachia. Watoto wangu walikuwa stendi na mizigo, wanamsubiri mama yao awaletee ufunguo.

Nikaenda mlangoni, nikakaa kwenye kizingiti, nikanyoosha miguu.

"Siendi."

"Mama, usiniletee vurugu."

"Sileti vurugu. Nimekaa. Mkitaka nibebeni, na mnibebe vizuri, mimi ni mzito."

"Mwacheni," akasema Bi Asmahani. "Sijasaini, kwa hiyo nyumba bado yangu. Na huyu ni mgeni wangu, nimemkaribisha na watoto wake. Kuna mwenye neno?"

Hakukuwa na mwenye neno. Isipokuwa Melkiadi.

"Kama mgeni anakaa," akasema, "mnunuzi naye anakaa. Mimi nimesaini."

Akaenda, akarudi na godoro kichwani. Akalitandika sebuleni.

Mwenyekiti akasimama, akakung'uta suruali. "Msipigane," akasema. Akaondoka.

Basi ndivyo tunavyoishi. Wazee chumbani kwao na masanduku yaliyofungwa. Mimi na watoto chumba cha nyuma. Melkiadi sebuleni, anatuimbia sauti ya tatu ya kwaya kila asubuhi. Niyonkuru anamruka kwenda shule, na akimruka anamwamkia, "Shikamoo baba," kwa kuwa ndivyo nilivyomlea. Naye anaitikia, "Marahaba mwanangu, usome kwa bidii." Hana aibu hata ya kuazima.

Ijumaa alinifuata uani nikianika unga.

"Dada, tumalize kikristo. Nitakupa kile chumba cha nyuma, ukae bure mpaka Niyonkuru amalize shule."

"Unipe chumba kwenye nyumba yangu?"

"Yako kwa jina la nani?"

"Jina ni lako, Baba Pasikali. Ni jina zuri. Libebe, ukalale nalo barabarani."

"Dada, hasira si nzuri."

"Hasira ni nzuri. Ilinichelewa tu."

Bi Asmahani alikuwa dirishani. Nilisikia akimwambia mumewe: "Umesikia hiyo? Na wewe unataka niondoke Jumatano!"

Nilikuwa na nguvu, wasomaji wangu. Ila usiku nikiwatazama watoto wamelala, nguvu zinaniisha. Jumatatu nimlete nani? Walioniona nikitoa pesa ni wawili tu. Mmoja ni Melkiadi.

Wa pili alikuja mwenyewe. Jana asubuhi, jikoni, wakati mumewe amekwenda mazoezi ya kwaya. Mama Pasikali. Akakaa kwenye kigoda, akachukua chekeche langu bila kuniomba, akaanza kuchekecha unga.

"Kitenge cha samaki," akasema. "Samaki wa njano. Niliona."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mimi sikujua, Mama Niyonkuru. Aliniambia zile pesa ni mkopo wake, umemrudishia. Nikaenda kupima madirisha kwa furaha yangu. Nimeaibika mbele ya yule bibi mpaka leo siwezi kumtazama."

"Utasema Jumatatu?"

Akachekecha kwanza.

"Nikisema, kwake sirudi. Unamjua anavyoimba. Humjui anavyonyamaza. Anaweza kunyamaza mwezi, chakula hali, mlango hafungui. Nitakwenda wapi?"

"Utakuja hapa. Nitakupokea."

"Sitaki kupokewa." Akaweka chekeche chini. "Nimepokewa sana. Nipe hiki chumba cha nyuma. Si kukaa. Kiwe changu, kiandikwe jina langu kwenye huo mkataba, pembeni ya lako."

"Hicho ndicho wanacholala watoto."

"Najua. Melkiadi naye kaniomba niseme sikuona kitu. Kaniahidi cherehani." Akajifunga kanga upya. "Sikutishi, mwenzangu. Nakueleza tu kilichopo mezani. Jumatatu si mbali."

Akaenda zake.

Nikamkimbilia Mzee Nsengimana, ng'ambo ya minyaa. Safari hii mimi ndiye niliyesema Bwakeye. Nikamweleza yote. Nilidhani atafurahi.

"Mwanangu, usimpe."

"Lakini aliona! Ni kweli aliona!"

"Ni kweli. Na ukimpa chumba, Melkiadi atasimama barazani aulize: huyu mama umemlipa nini? Utasema nini? Shahidi aliyepewa chumba si shahidi tena. Ni mpangaji wako."

"Na nisipompa?"

Mzee akaitazama nyumba yake ya bati jekundu.

"Atashona nguo," akasema.

Leo ni Jumapili. Tumetoka misani. Melkiadi aliimba peke yake wakati wa komunyo, na mwanamke mbele yangu alilia. Sasa yuko sebuleni anapiga pasi shati la kesho, kwa umeme nilioununua mimi. Mama Pasikali amepita mara mbili kwenye mlango wa jiko, hakuingia, hakusema, ananipa nafasi ya kufikiri. Mkisoma haya baraza litakuwa limeshakaa.

Melkiadi, najua gazeti hili unalisoma, unaanza na michezo. Ukifika ukurasa huu, jina lako nimeliandika kwa mkono wangu, na sikuliazima.

Na wewe unayekwenda kufunga mauziano ya nyumba, epuka haya:

Usiazime jina la mtu. Wala wa kanisani, wala wa msikitini, wala baba wa ubatizo wa mtoto wako.

Usimpe mwingine pesa akakutolee. Itoke mkononi mwako, majirani wakiangalia mkono wako.

Usinyamaze mwenyekiti akiuliza mnunuzi nani.

Usikae kivulini watu wakitembea mipaka. Tembea. Na ukisalimiwa na jirani, itikia vizuri, ndiye atakayekuwa shahidi wako.

Usikubali mke wa muuzaji asaini baadaye, au mumewe amsainie. Aulizwe kwa mdomo, ajibu ukimsikia, asaini ukimwona.

Usiache kuingia kila chumba siku hiyo hiyo, kabla ya pesa kutoka. Angalia nani yumo na anafanya nini.

Mita ya umeme usiisahau. Hakikisha inasoma namba ya nyumba hiyo hiyo, maana kuna watu wamemlipia jirani mwaka mzima.

Usiachie chumba ulichopanga kabla hujapewa ufunguo.

Kuhusu shahidi anayetaka kitu, sina la kukwambia. Mimi mwenyewe sijui.

Wakikwambia utoke nje mpaka kesi iishe, usitoke. Mimi sijatoka.